Samahani kwa Kuwa Maskini kwa Pamoja: Barua ya Wazi kwa Wapanga Bei za Umeme

Kwa Waheshimiwa Wapanga Bei za Umeme,
Popote mlipo, kuanzia wizarani hadi EWURA na TANESCO,
Dodoma.

YAH: KUOMBA RADHI KWA KUWA MASKINI WENGI KWENYE MITA MOJA

Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Waheshimiwa, sisi ni wapangaji wa vyumba. Tunasema vyumba kweli: vile vinavyotazamana kwenye korido moja, choo uani, bomba uani, na mita ya LUKU, ya umeme wa kulipia kabla, barazani ndani ya kisanduku cha chuma ambacho ufunguo wake anao mama mwenye nyumba. Tupo Manzese, Tandale, Buguruni na Mbagala. Tupo Mabatini kule Mwanza na Mwanjelwa kule Mbeya. Kila mji wenye soko una sisi nyuma ya soko hilo.

Kwanza tunashukuru. Mlikaa, mkawafikiria wananchi wa kipato cha chini, mkawawekea daraja lao la bei. Kwenye makaratasi yenu linaitwa D1. Mtaani tunaliita tarifu 4. Mteja wa nyumbani ambaye matumizi yake hayazidi wastani wa uniti 75 kwa mwezi anauziwa uniti kwa shilingi 100. Ukijumlisha VAT ya asilimia 18, asilimia 3 ya REA, wakala wa nishati vijijini, na asilimia 1 ya EWURA, mdhibiti wa bei, inafika shilingi 122. Uniti zote 75 anazipata kwa shilingi 9,150. Mteja wa kawaida, yule wa T1, kwa bei zilizoanza mwaka 2016 anauziwa uniti hiyohiyo kwa shilingi 292, ambayo kwa makato yaleyale inakaribia 356. Tofauti ni kubwa. Huruma ipo, na ipo kwa maandishi.

Kilichoharibika ni kidogo tu, na tunakiri kimeharibikia upande wetu. Nyinyi huruma mmeifunga kwenye mita. Sisi kwa ushamba wetu tulidhani mmeifunga kwa watu.

Tupeni nafasi tupige hesabu kidogo, maana tunajua mnapenda hesabu. Chukueni nyumba ya vyumba sita, kila chumba na kaya yake. Taa mbili, feni, televisheni ndogo, king'amuzi, simu za kuchaji, pasi mara mojamoja: tuseme uniti 25 kwa mwezi kwa kila chumba. Hao ni watu wa chini kabisa kwa matumizi. Hawafiki hata nusu ya zile uniti zenu 75. Kila kaya ingekuwa na mita yake, ingelipa shilingi 3,050. Lakini mita ni moja. Mita haioni kaya sita, inaona mtu mmoja mroho anayekula uniti 150. Mtu huyo si maskini. Anapelekwa T1, na bili ya nyumba inakuwa shilingi 53,400 na ushee. Mkigawa kwa sita, kila chumba kinatoa kama shilingi 8,900.

Sasa njooni upande wa pili wa barabara. Kuna bwana anaishi peke yake kwenye nyumba yenye ukuta na geti. Anapikia gesi, mchana yuko ofisini, jioni anakula hotelini, wikiendi yuko safarini. Anatumia uniti 70. Anastahili D1 bila longolongo, analipa shilingi 8,540. Gari lake liko uani, ila mita haina macho ya kuangalia uani. Au yule mwenye nyumba ya mapumziko Bagamoyo, inayowashwa taa ya getini na redio ya mlinzi tu: naye kwenye mfumo ni mnyonge anayehitaji kubebwa. Hatuwaonei wivu. Tunauliza tu, kwa adabu, ilikuwaje kaya ya uniti 25 ikalipa zaidi ya bwana wa uniti 70, na bado msaada huo ukaitwa wa watu wa kipato cha chini.

Kwa hiyo, Waheshimiwa, tunaomba radhi. Umaskini tumeufanya vibaya. Tulitakiwa kuwa maskini mmojammoja, kila mtu na paa lake na mita yake, sisi tukarundikana kwenye korido moja kwa sababu ndiyo kodi tunayoiweza. Tumewachanganya wataalamu wenu.

Tunajua majibu mliyonayo. La kwanza ni kwamba tufunge mita ndogo, zile submita ambazo fundi wa mtaani anaweka kwa kila chumba. Wengi wameshafunga. Zimepunguza ugomvi, hilo ni kweli: zamani mama wa chumba cha tatu mwenye friji, anayeuza barafu na juisi ya ukwaju, alikuwa anajadiliwa kila jioni kuliko bajeti ya taifa. Ila mita ndogo inagawa bili tu, bei haiigusi. Kila chumba sasa kinajua kwa usahihi wa desimali mbili kiasi kinachopunjwa.

La pili ni kwamba kila mpangaji aombe mita yake. Tumelitafakari. Mwaka 2022 mlitangaza kwamba kuunganishiwa umeme mjini, kwa nyumba iliyo karibu na nguzo, ni shilingi 320,960. Chumba cha uniti 25 kikipata mita yake na kuingia D1 kitaokoa kama shilingi 5,850 kwa mwezi. Mkigawa, gharama hiyo itarudi baada ya zaidi ya miaka minne na nusu. Hapo mpangaji hajahama, mwenye nyumba hajauza, na hakuna aliyemwambia kwamba kibali cha kuweka mita anatoa mwenye nyumba na siku ya kuhama mita inabaki ukutani. Ni kama mgonjwa anayeambiwa dawa ni bure, maji ya kuimezea ni laki tatu na ishirini.

Vijijini kuunganishiwa ni shilingi 27,000. Tunasema kweli bila kejeli: kule mpango wenu unafanya kazi. Nyumba moja, kaya moja, mita moja. Anayetumia kidogo kwa kawaida ndiye mwenye kidogo. Aliyepanga kutumia kiwango cha matumizi kama kipimo cha umaskini hakuwa mjinga. Alikuwa anawaza kijiji. Kosa lilikuja pale kipimo cha kijiji kilipopandishwa basi kikaletwa Tandale bila kubadilishwa nguo.

Kuna pia habari ya uniti ya 76. Mteja wa D1 akivuka 75, zinazozidi anauziwa kwa shilingi 350 kabla ya kodi. Mwenye viyoyozi vitatu kwenye T1 anauziwa kwa 292. Yaani maskini akijisahau, mgeni akaja akakaa wiki mbili, mtoto akaumwa feni ikalala imewashwa, uniti zake za ziada zinakuwa ghali kuliko za tajiri. Tunaelewa nia ni kumkumbusha nafasi yake.

Tukiwa hapohapo barazani, tuseme kidogo kuhusu kodi ya jengo. Tangu Agosti 2021 inakatwa kwenye LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikafika 1,500. Kisheria anayedaiwa ni mwenye jengo, anayekatwa ni aliyenunua umeme. Tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba watupunguzie kwenye pango. Aliyetoa ushauri huo hajawahi kumwambia mama mwenye nyumba neno "nipunguzie". Mpangaji mwenye bahati, yule aliyepata kijumba cha peke yake na mita ya D1, akinunua umeme wa shilingi 3,050 analipa na 1,500 ya jengo lisilo lake. Theluthi ya bili inakuwa ya mtu mwingine.

Lakini jambo linalotuchanganya kuliko yote ni jiko. Mei 2024 nchi ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ifikapo 2034. Mwezi huohuo Rais Samia alikuwa Paris, mmoja wa wenyeviti wa mkutano wa dunia wa kupikia safi kwa Afrika. Tulipiga makofi. Kuni na mkaa vinaua mapafu ya mama zetu na misitu yetu, hakuna wa kubisha. Na tunaambiwa jungu la presha la umeme linaivisha maharage kwa chini ya uniti moja. Ni kweli, linaivisha.

Sasa karibuni koridoni msome tangazo lililobandikwa juu ya swichi, kwa kalamu ya wino mwekundu: NI MARUFUKU KUPIKIA UMEME. NI MARUFUKU HITA. PASI MWISHO SAA MBILI USIKU. ATAKAYEKAMATWA ATAHAMA. Mama mwenye nyumba si adui wa mkakati wa taifa. Anajua tu kwamba kila uniti kwenye mita yake ni shilingi 356, na kwamba jungu la chumba kimoja litalipiwa na vyumba sita. Kwa hiyo nchi yenye bwawa la megawati 2,115 kule Rufiji inashindwa na karatasi iliyogundishwa kwa gundi ya ngano. Tunarudi kwenye jiko la mkaa chini ya upenu, mkaa wa kupimiwa kwa kopo.

Mtatuambia kuna mitungi ya gesi ya ruzuku. Ipo, tumeiona, na wengine wetu tumepigwa nayo picha. Mtungi wa kwanza huja na bendera, diwani na maturubai. Wa pili unaujaza mwenyewe, na kujaza mtungi mdogo wa kilo sita ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa mkupuo. Muuza mkaa anakubali mia tano. Hapo mjadala wa nishati safi huwa umekwisha, na mtungi unageuka stuli.

Tumewaza masuluhisho ya kwetu ili tusiwasumbue. Mjumbe mmoja alipendekeza tuwe maskini kwa zamu: mwezi huu chumba cha kwanza peke yake kiwashe umeme kipate D1, wengine tukae gizani, mwezi ujao chumba cha pili. Kwa mzunguko huo kila kaya itaonja huruma ya serikali mara mbili kwa mwaka. Mwingine akasema tuombe uraia wa kijiji. Wa tatu akapendekeza tuhamie Kenya, tukamzuia: huko nako kiwango cha unafuu kilishushwa Aprili 2023 kutoka uniti 100 hadi 30, kwa hiyo angefika akute wenzake wanamwuliza njia ya kuja huku.

Tungenyamaza kama mngekuwa hamjui tulipo. Bahati mbaya mnajua. Agosti 2022 makarani wa sensa walikuja na vishikwambi vyao kwenye korido hizi. Waligonga mlango kwa mlango, chumba kwa chumba, wakauliza kila kaya ina watu wangapi, inapikia nini, taa yake inatumia nini. Hakuna karani aliyeandika kwamba nyumba ina kaya moja kwa sababu ina mita moja. Tulihesabiwa kaya sita, tukaingia kwenye ile jumla ya watu 61,741,120. TASAF, mfuko wa kusaidia kaya maskini, nao wana orodha ya zaidi ya kaya milioni moja walizozipima wenyewe, kaya kwa kaya, kwa ajili ya ruzuku. Serikali za mitaa zina daftari la wakazi. Kwenye sensa sisi ni kaya sita, kwa mwenyekiti wa mtaa kaya sita, kwa mchango wa ulinzi shirikishi kaya sita. Ikifika kwenye umeme tu ndipo tunageuka jitu moja tajiri.

Hivyo tunachoomba hakihitaji bwawa jipya wala mkopo. Uniti 75 za bei nafuu ziwe za kaya, si za mita. Mwenye nyumba apeleke fomu iliyogongwa mhuri na serikali ya mtaa ikionyesha kaya zinazoishi humo, na kikomo cha mita yake kizidishwe kwa idadi hiyo. Wapo watakaodanganya, kuandika kaya hewa. Hao wakaguliwe kama mnavyowakagua wanaochezea mita, kazi ambayo mnaijua vizuri. Kaya zilizo kwenye orodha ya TASAF zipewe D1 moja kwa moja popote zinapopanga. Na ile bei ya 350 kwa anayevuka kikomo iondolewe, alipe kama jirani yake.

Pesa ya kufidia? Anzeni na wale wa nyumba za mapumziko. Wapandisheni T1. Hawatagundua hadi msomaji mmoja wa barua hii awaambie.



Wenu katika T1,
Wapangaji wa Korido,
kwa niaba ya vyumba sita vyenye mita moja.

Nakala: Mama mwenye nyumba, kwa taarifa, na kwa ombi la kuondoa tangazo juu ya swichi siku bei itakapobadilika.