Barua ya Wazi kwa Msajili wa Makampuni

KUH: OMBI LA WAKAZI WA ZIWANI KUANDIKWA KUWA WENYE HISA

Mheshimiwa Msajili,

Tunakuandikia kutoka Ziwani, Nairobi, kati ya Kariokor na Starehe.

Juzi mifereji ilikauka, na kwa kuwa hapakuwa na la kufua, tulikaa kibarazani tukasoma Sheria ya Makampuni ya mwaka 2015. Kifungu cha 143 kinamwagiza mkurugenzi aiendeleze kampuni kwa faida ya wenye hisa, huku akizingatia, pamoja na mengine, masilahi ya wafanyakazi na athari za shughuli zake kwa jamii na mazingira. Tukapigiana makofi. Kisha mzee mmoja akafungua kifungu cha 140: wajibu huo mkurugenzi anadaiwa na kampuni yenyewe. Akisahau kutuzingatia, wa kumshtaki ni kampuni yake, au mwenye hisa kwa niaba ya kampuni. Sisi tunaozingatiwa hatumo.

Basi tuandike sisi kuwa wenye hisa. Mtaji tumeshaweka. Duka la kona limepakwa rangi za kampuni fulani kutoka msingi hadi mabati. Mwenye duka hajui kama anauza unga au anatangaza simu. Maji machafu ya viwanda yanayoingia mto Nairobi tunayanusa bila kudai ujira.

Usituone hatuna shukrani. Wafadhili huja na hundi ya kadibodi yenye upana wa mlango, meneja akashika pembe hii, mwalimu mkuu ile, watoto wakajipanga mbele kwa fulana za nembo. Benki haiipokei hundi hiyo, lakini picha hutoka safi.

Misaada ya kweli tunaijua. Hapo jirani, mwaka 1959, Geoffrey Griffin, Geoffrey Geturo na Joseph Gikubu walianzisha kituo cha wavulana cha Starehe katika vibanda viwili vya mabati walivyopewa na Shell na BP. Vibanda hivyo vilizaa shule kwa sababu kulikuwa na watu waliobaki na wavulana wale baada ya wafadhili kwenda zao.

Hata hivyo zawadi ni zawadi, na deni ni deni. Huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kiliwaachia wakazi madini ya risasi katika damu. Wakiongozwa na Phyllis Omido walikwenda mahakamani, na Julai 2020 wakatunukiwa fidia ya shilingi bilioni 1.3. Hukumu ikayumba kwenye rufaa, hadi Mahakama ya Juu ilipoirejesha Desemba 2024. Fulana ngapi zingetosha kulipa hapo?

Wakurugenzi watakujibu kwa kumtaja mwanauchumi Milton Friedman, aliyeandika katika makala ya mwaka 1970 kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida. Muulize kila mmoja wao kama alifika mwisho wa makala, kwa maana Friedman aliweka sharti: kanuni zifuatwe, pasiwe na hila wala ulaghai. Sisi ni wafuasi wake kamili. Kampuni ipate faida, hata iogelee ndani yake, mradi kwanza isafishe uchafu wake, ilipe kodi na kuwalipa vibarua haki yao. Kinachohesabiwa kabla ya hayo si faida. Ni mkopo ambao Ziwani haikuombwa kuutoa.

Ikiwa daftari lako limejaa, tuko tayari kupokea kidogo: lipelekee Bunge pendekezo kwamba anayeathirika naye aweze kumshtaki mkurugenzi aliyemsahau. Hapo tutaondoa ombi la hisa, na gawio tutawaachia wenyewe.

Ada ya maombi tumeiambatisha. Ni hundi ya kadibodi. Isipoingia kwenye kabati, piga nayo picha.

Wako katika kuzingatiwa,

Wakazi wa Ziwani