Gari Linadai Kadi

Gari la Mjomba linasema Kijapani. Ukiliwasha asubuhi pale chini ya ghorofa letu, Upanga, kuna mwanamke ndani ya dashibodi anayetoa maneno marefu yenye adabu zote, kisha ananyamaza kusubiri jibu. Wenye magari yaliyotoka Japani, na hao ndio karibu wenye magari wote wa Dar es Salaam, wamemzoea mwanamke huyu hata hawamsikii tena. Mjomba alishindwa kumzoea. Ni mhasibu mstaafu, na mtu akimdai kitu kila siku kwa sauti ya upole, yeye halali mpaka ajue deni lenyewe ni la nini. Akamtafuta kijana mmoja aliyewahi kusoma Japani, akamkalisha kiti cha abiria, akawasha gari. Kijana akatega sikio.

"Anasema kadi haijaingizwa."

"Nilijua tu," akasema Mjomba.

Kadi yenyewe ni ya ETC, ya kulipia barabara kuu za Japani bila kusimama getini, mfumo ulioenea nchi nzima kule mwaka 2001. Ina ukubwa wa kadi ya benki na hapa kwetu haina kazi yoyote. Hata kwenye daraja la Kigamboni, ambako kulipa unalipa kweli, hawana habari nayo. Lakini kijana alikuwa ameshashuka na kwenda zake. Kadi anayoijua Mjomba ni memori kadi, na memori kadi mtu wa Upanga anaifuata Kariakoo.

Gari ni Nissan Leaf la toleo la kwanza, lile lililoanza kuuzwa Desemba 2010, lenye betri ya kilowati-saa 24 enzi za ujana wake. Sasa vijiti kadhaa kati ya vile 12 vinavyoonyesha uzima wa betri vimezimika, na Mjomba akiulizwa hujibu kwamba hata yeye vyake vimezimika na bado anatembea. Kulichaji ni kwa waya mrefu unaoteremka kutoka dirisha la jikoni ghorofa ya pili, unapita mbele ya kanga za jirani, unatua kwenye maegesho. Uniti za LUKU zikaanza kuisha katikati ya mwezi, tena saa ya kupika. Mkaza mjomba alilisema jambo hilo mara moja tu, kwa utulivu: "Zamani ulikuwa unakwenda kituo cha mafuta. Sasa kituo ni mimi."

Pamoja na hayo, gari la umeme ni jambo jepesi. Unalichomeka, linajaa, linakwenda. Linalowatoa watu jasho ni hivi vidude vidogo vya kuhifadhia mambo, vyenye ukubwa wa ukucha. Mjomba alivitaka viwili. Flashi, kwa ajili ya nyimbo zake. Na memori kadi, ambayo kwanza ingemnyamazisha yule mwanamke, pili ingeingia kwenye kamera aliyoibandika kwenye kioo cha mbele, maana Barabara ya Umoja wa Mataifa saa kumi na moja jioni haifai kupitwa bila shahidi.

Akaenda peke yake, Jumamosi, mimi nikiwa kazini. Akakatiza Faya, akashika Msimbazi, akaingia Mtaa wa Aggrey, na kabla hajatazama dirisha hata moja akapokelewa na winga. Asiyeijua Kariakoo afahamu kwamba winga hana duka. Ana miguu, ana mdomo, na ana uwezo wa kumsoma mteja tangu akiwa ng'ambo ya barabara. Huyu alianza na shikamoo, na winga aliyeanza na shikamoo ameshauza nusu ya mzigo.

"Mzee wangu, unatafuta nini nikusaidie?"

"Flashi na memori kadi. Za gari."

"Gari gani?"

"La umeme."

Mjomba anasema hapo kijana alimshika mkono na kumsogeza kivulini. "Mzee, gari la umeme haliwekewi hizi flashi za kawaida. Utaliua. Gari la umeme linataka tera."

Ikaletwa flashi ya tera mbili, ya chuma kinachong'aa, kwa shilingi 60,000. Wakavutana hadi 25,000. Memori kadi ya tera moja ikaongezwa kwa 15,000. Mjomba, kwa kuwa ni mhasibu, akauliza habari ya warantii. "Warantii ni mimi mwenyewe, mzee wangu. Nipo hapahapa kila siku."

Katika ukoo wetu, mtu aliyewahi kutoa karatasi iliyokwama kwenye printa anahesabiwa kuwa injinia, kwa hiyo nikaitwa. Kadi ya tera moja iliingia kwenye kamera bila ubishi. Mwanamke wa Kijapani akaendelea kudai. Flashi nayo redio haikuiona kabisa, na hili lilikuwa na maelezo yake: flashi kubwa huja zikiwa zimefomatiwa kwa mtindo wa exFAT, na redio ya gari la umri ule inasoma FAT32 tu. Ukitaka kuibadilisha kwenye kompyuta, dirisha la kawaida la kufomati la Windows limekataa kwa miaka mingi kutoa FAT32 inayozidi gigabaiti 32. Dave Plummer, aliyekuwa injinia wa Microsoft, amesimulia kwamba kikomo hicho alikiweka yeye miaka ya 1990 bila kukifikiria sana.

"Yaani," Mjomba akasema polepole, "mtu mmoja Marekani alichagua namba akaenda kula chakula cha mchana, na mimi Upanga nakosa taarabu?"

Ndivyo. Zipo programu ndogo za bure zinazokipita kikomo hicho, nikatumia mojawapo, nyimbo zikapandishwa: dansi la zamani, taarabu, kaswida, na mawaidha ya masheikh kadhaa. Redio ikaanza kuimba, nasi tukapeana mikono. Ila redio za aina ile nyingi hazipangi nyimbo kwa herufi. Hupiga kwa mfuatano ule ule faili zilivyoingizwa, na Mjomba alikuwa ameniletea zikiwa zimechanganyika. Basi Marijani Rajabu anamaliza, sheikh anauliza tumeiandalia nini akhera yetu, na kabla hatujajibu anaingia Khadija Kopa. Ilitokea Mjomba na mkewe wakiwa njiani kwenda msibani, vioo vimeshushwa, foleni imesimama pale Muhimbili. Mkaza mjomba alishuka akamalizia safari kwa miguu.

Siku chache baadaye kukawa kimya. Nyimbo za mwanzo zilipiga vizuri, zilizofuata zilionekana majina tu. Unachagua, unasubiri, husikii kitu. Nikaichomeka flashi kwenye kompyuta na kuipima kwa H2testw, programu ya Kijerumani yenye kazi moja: inaijaza flashi data mpaka ukingoni, kisha inairudia kuisoma kuona kama kilichowekwa ndicho kilichomo. Ya Mjomba ilikuwa na uwezo wa gigabaiti zisizofika 32. Kilichobaki mpaka tera mbili kilikuwa maneno. Flashi za namna hii huwekewa kidhibiti kilichofundishwa kutaja ukubwa wa uongo, na ubaya wake ni kwamba hazikatai. Zikizidiwa zinaendelea kupokea, zinaandika jina la faili kwenye orodha, mali yenyewe zinaitupa au zinaifutia iliyotangulia. Mjomba aliyatazama majibu kwenye skrini kwa muda mrefu. "Nimewahi kukagua kampuni ya hivi," akasema. "Vitabu safi, kasha tupu."

Nikajaribu kumfariji kwa habari za Fujio Masuoka, Mjapani aliyebuni memori ya flashi akiwa Toshiba miaka ya 1980, ambaye hakuridhika na alichopewa, akaishtaki kampuni yake mwaka 2004, wakaja kumalizana 2006 kwa yeni milioni 87. Mjomba alifarijika sana. Tangu hapo huisimulia kwa wageni kana kwamba Masuoka alikuwa naye darasa moja.

Kisha gari likakwanguliwa bampa la nyuma, usiku, likiwa limeegeshwa. Kamera ilikuwa na macho mbele na nyuma, kwa hiyo Mjomba alishuka ngazi akiwa na tabasamu la mtu anayekwenda kufunga kesi. Tukaitoa kadi. Faili zilikuwepo, zimepangwa kwa tarehe na saa, tena kwa unadhifu. Ile ya usiku wenyewe haikufunguka. Wala ya jana yake, wala ya juzi. Mpaka leo hakuna anayejua nani alilikwangua lile bampa, na majirani wawili hawasalimiani kwa ajili hiyo.

Tukaenda Aggrey pamoja. Duka alilolikumbuka Mjomba lilikuwepo. Mwenye duka aliisoma karatasi aliyopewa Mjomba, yenye muhuri wa "mali ikishauzwa hairudishwi" na isiyo na jina la duka popote, akamrudishia kwa mikono miwili. "Mzee, winga gani? Hapa wanapita mia." Namba ya simu ya winga ilipokelewa mara moja, kwa shikamoo ile ile. Alikuwa Tunduma kufuata mzigo. Nyuma yake tulisikia mtu akinadi soksi, na Mjomba anaapa kwamba sauti ile ile ya soksi aliisikia pia kwa sikio lake jingine.

Duka la tatu kutoka hapo tulimpata muuzaji asiye na maneno mengi. Alisikia "kamera ya gari", akafungua kabati la kioo na kutoa kadi ya gigabaiti 64, moja ya zile zinazotengenezwa kwa kamera zinazorekodi kutwa kucha. Akaeleza kwa sentensi mbili ambazo Mjomba alizihitaji mwezi mzima: vyumba vya memori huchakaa kwa kuandikwa na kufutwa, na kamera ya gari haifanyi kazi nyingine ila kuandika na kufuta. Kadi ya kawaida humo, tena kwa joto la gari lililoegeshwa juani Dar, haichukui muda. Bei yake ilizidi ile ya tera moja, na ukubwa haukufika hata sehemu ya kumi. Ilibidi nimshike Mjomba mkono, maana hesabu ilikuwa inamkataa.

Akaturuhusu kuipima hapohapo. Kuijaza kadi ya gigabaiti 64 na kuisoma tena ni kazi ya saa nzima na zaidi, kwa hiyo tulikaa barazani na kompyuta mapajani, kahawa na kashata mkononi, watu wakisimama kuuliza kama tunauza vocha. Kadi ikatoka safi. Gigabaiti 64 zilizokuwa 64.

Na ikajaa kunguru. Gari huegeshwa chini ya mkungu, na kamera ikiwa kwenye hali ya kulinda huamka kila kitu kinapotikisika mbele yake. Kunguru hawa wa Bara Hindi waliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 wapunguze takataka, wakavuka wenyewe kuja bara kuendeleza kazi, na boneti jeupe wanalichukulia kuwa ofisi. Tulikuwa nao wa ubavu, tulikuwa nao wa mgongo, tulikuwa na mmoja aliyeinamia kamera akaitazama kwa jicho moja mpaka mimi nikaona haya. Mwingine alikula chapati nzima kwa vipande vitatu tofauti vya video.

Kuamka kote huko kunakula umeme, na si umeme wa betri kubwa. Wengi hawajui kwamba gari la umeme lina betri ya pili, ndogo, ya volti 12, kama ya gari lolote, na hiyo ndiyo inayowasha kompyuta za gari kabla betri kubwa haijaunganishwa. Kunguru waliimaliza. Asubuhi moja Leaf ililala kabisa, waya wa LUKU ukiwa umechomekwa usiku kucha na betri kubwa imejaa. Hata mwanamke wa Kijapani hakudai kitu. Mjomba alikwenda barabarani akaita bajaji, ile ya petroli, na kumwomba dereva amuazime umeme. Dereva aliuliza mara ya pili kama amesikia vizuri. Betri ya bajaji ilitosha, kwa kuwa inachotakiwa ni kuamsha kompyuta tu, si kuzungusha injini ambayo haipo. Alilipwa 5,000 na picha ya kumbukumbu, aliyoipiga yeye.

Tukapunguza wepesi wa kamera kushtuka, tukaiwekea kikomo izime volti zikishuka, na gari tukalihamisha kutoka chini ya mkungu mpaka upande wa geti. Kunguru wakapungua. Sasa kamera inatazama kibanda cha mlinzi moja kwa moja, na Mjomba ameanza kupitia video kila asubuhi na kalamu mkononi.

Juzi babu mlinzi alinisubiri kwenye ngazi. Nikamwamkia.

"Marahaba, mjukuu wangu. Eti ile kadi ya kwanza ya mzee, ile ya tera, mliitupa?"

"Ipo kwenye droo, babu."

"Wanasema haikumbuki kitu."

"Haikumbuki."

Akatazama juu kwenye dirisha la jikoni, akanitia noti ya 5,000 kiganjani na kukifunga. "Basi iwe inawekwa hiyo usiku. Mchana wekeni hiyo yenu."