Pongezi kwa Mkuu wa Mageti, Njia ya Ziwa Natron

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mageti,
Njia ya Ziwa Natron,
Popote ulipo.

YAH: PONGEZI KWA KAZI KUBWA YA MAGETI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mheshimiwa, nakuandikia hadharani kwa sababu anwani yako imenishinda. Kila geti tulipouliza ofisi kubwa iko wapi, tulielekezwa geti la mbele. Tulipofika geti la mbele, tukaambiwa tumeshaipita. Nikaona heri nikusalimie kwa njia hii. Hata jina lako sikulipata, na cheo hicho hapo juu nimekutungia mwenyewe kwa kukisia ukubwa wa kazi.

Mimi na mume wangu, Baba Neema, tulitoka Tanga kwenda kutazama volkano. Watoto wamekua, kiinua mgongo kimetoka, na Baba Neema, mhasibu tangu nimjue, alisema ni aibu mtu afe ameiona Dubai na hajauona Ol Doinyo Lengai. (Dubai nayo hajaiona, lakini ndivyo alivyosema.) Tukaazima gari la shemeji, tukaiacha Kilimanjaro mkono wa kulia, Arusha tukaipita, tukatembea kwanza upande wa Ngorongoro na Olduvai, kisha tukateremka Mto wa Mbu na kushika njia ya kaskazini kwenda Natron. Huko mbele lami ikatuaga. Vumbi la njia ile, Mheshimiwa, ni la kijivu na jepesi, linaingia hadi ndani ya chupa ya chai iliyokazwa kifuniko. Makorongo nayo tuliyavuka mimi nikiwa mbele kwa miguu, nikimwonyesha mume wangu pa kupitisha tairi, naye akipita pengine.

Ndipo tulipokutana na kazi yako.

Lilikuwa ni gogo moja refu lililovuka barabara, nyuma limening'inizwa rimu ya lori ili linyanyuke kirahisi, mbele limefungwa kamba ya katani. Mtu wa Tanga nikiona katani ugenini nafurahi, kwa hiyo tulianza vizuri. Kijana akatoka kibandani na mashine ya kukatia risiti.

"Shikamoo mama. Shikamoo baba."

Adabu ile ndiyo iliyotumaliza, maana utaanzaje kugombana na mtu aliyekwisha kukuamkia? Akaomba vitambulisho, ajue kama atutoze kama wananchi au kama wageni. Baba Neema alikuwa katikati ya kumsimulia habari za Pangani, kwa Kiswahili ambacho hakuna mtalii amewahi kukipata kwa kusomea, ikabidi aikatize hadithi na kuanza kupekua mifuko. Mimi nina namba tu, kadi yenyewe sijaipata. Kijana akanitazama usoni kitambo, kisha akanipa uraia. "Kwa leo, mama," akasema.

Mashine haikuwa na mtandao. Akapanda juu ya jiwe jeusi la volkano kando ya kibanda, akainyanyua kwa mikono yote miwili kuuelekea mlima, akangoja. Karatasi ikatoka. Sijawahi kuona kodi ikiombwa kwa unyenyekevu namna ile.

Hatukwenda mbali, gogo jingine.

"Tumeshalipa, mwanangu. Risiti hii hapa."

"Hiyo ni ya kule, mama. Hapa ni huku."

Nikamuuliza kule kunaishia wapi na huku kunaanzia wapi. Akanionyesha mgunga kwa kidevu: ng'ambo yake ni kule, upande wetu ni huku. Wapo mabalozi waliostaafu bila kueleza mpaka kwa ufasaha huo.

Sasa pongezi zenyewe. Mheshimiwa, umenirudishia mume wangu. Mhasibu akistaafu anabaki anahesabu mayai ya kuku wa jirani. Tangu geti la kwanza, Baba Neema akawa mtu mpya. Risiti aliipokea kwa mikono miwili, akaisoma hadi herufi ndogo za chini, akaitia katika bahasha ya kaki aliyoiandika VOLKANO. Mlima ulipojitokeza mbele yetu peke yake, umechongoka, urefu wa mita 2,960 hivi, mifereji ya majivu imeuchora kutoka kileleni hadi chini, nilimgusa bega: "Baba Neema, Mlima wa Mungu wa Wamaasai huo!" Akaniambia, "Ngoja kwanza. Hii haina muhuri."

Kupanda hatukupanda. Wapandaji huanza usiku wa manane ili wawe juu kunapopambazuka, kabla jua halijauchemsha mteremko usio na kivuli, na magoti ya mume wangu yana saa zake za kazi. Lakini kijana wa Kimaasai aliyetutembeza alitueleza mambo ambayo yafaa uyajue, kwa kuwa mlima ule na ofisi yako mnafanya kazi eneo moja. Duniani kote, ndio volkano pekee iliyo hai inayotoa lava ya natrokabonatiti, yenye sodiamu na kaboneti kwa wingi na silika kidogo sana. Joto lake ni nyuzi 500 hadi 600, karibu nusu ya lava za kwingine, na inachuruzika upesi. Inatoka nyeusi, ikikutana na unyevu wa hewa inageuka nyeupe. Baba Neema akaguna. "Hesabu zinazojisafisha zenyewe," akasema. "Nimefanya kazi na watu ambao wangelipia kipaji hicho."

Tena mlima unatoa taarifa. Mwaka 2007 ulilipuka kwa majivu Septemba, lakini tangu Julai ulikuwa umetanguliza matetemeko yaliyosikika hadi Nairobi. Bei ya geti lako la tatu ilikuwa imebadilika asubuhi ileile tuliyofika. Tangazo lilikuwepo, hilo sikatai. Lilibandikwa ndani ya kibanda, ukutani, nyuma ya mgongo wa karani.

Kwa kuwa nakutakia mema, naomba nikufichulie wakwepaji.

Karibu na Ngare Sero, kusini mwa ziwa, kuna tope la majivu lililogeuka jiwe, na juu yake nyayo za binadamu zaidi ya 400. Wataalamu wanazikadiria kuwa na umri wa zaidi ya miaka 5,000, na huenda zinafika 19,000. Nilichuchumaa hapo hadi miguu ikafa ganzi. Unaona kisigino, unaona upinde wa unyayo, unaona vidole, kana kwamba mwenyewe ameinuka sasa hivi kufuata wenzake. Katika nyayo hizo watafiti wamelitambua kundi la watu 17 waliotembea pamoja kuelekea kusini-magharibi, na kwa makadirio yao 14 walikuwa wanawake, wanaume wawili, na mmoja kijana wa kiume. Labda walikuwa wakitafuta chakula. Wote walikwenda kwa mwendo mmoja, hatua kwa hatua. Mheshimiwa, ndivyo mtu anavyotembea pasipo na geti. Nilipouona mstari ule wa wanawake wenzangu wanapita zao, nilisikia wivu ambao sikuutegemea kwa watu waliokufa zamani hivyo. Ushahidi wa kuwa walipita bila risiti upo, na ni wa jiwe.

Heroe wadogo ndio usiseme. Natron ndipo mahali pao pakuu pa kuzaliana Afrika Mashariki, kwa sababu maji yale ya magadi makali yanawazuia maadui kufika kwenye viota. Wakishalea wanaruka hadi Bogoria na Nakuru, wanarudi wakipenda, na hakuna aliyewauliza uraia. Mimi nilitaka kuchota magadi kidogo tu ukingoni, ya kulainishia maharage, Baba Neema akanishika mkono: "Acha. Utatafutiwa geti."

Mkwepaji mkubwa lakini yuko kule Olduvai. Ni mchanga mweusi wa majivu ambayo husemwa yalitoka Lengai, umejikusanya umbo la mwezi mwandamo, kimo chake kama mita tisa, na unahama. Upepo unausukuma kuelekea magharibi karibu mita 17 kila mwaka, na viguzo vimesimikwa kuonyesha ulipokuwa zamani. Ukiurusha juu kiganja kimoja hautawanyiki sana, una chuma ndani yake, chembe zinavutana zikarudi kundini. Mume wangu aliukumbuka mchanga huo siku nyingine, tulipokwama korongoni mbele ya kibao cha ukarabati wa barabara ambacho tarehe ya kukamilika imefutwa na jua. Akatoa risiti moja, akaigeuza, akakokotoa mgongoni mwake: mita 17 kwa mwaka, kilomita moja itakamilika kwa miaka 59 hivi, bila zabuni, bila mkandarasi, bila posho. Akanitazama kwa furaha kabisa. "Huu angalau una ratiba," akasema.

Mheshimiwa, sikuombi uyaondoe mageti. Vijana wale wana kazi na wana adabu, na mgeni kuchangia anapopita katika ardhi ya watu si jambo baya. Ningekuwa mimi nimezaliwa Ngare Sero ningedai zaidi. Ila kuna mama mmoja aliyeniuzia bangili ya shanga pale chini ya mti. Aliponiona nimeshika lundo la karatasi akaniuliza hela hizo huwa zinaishia wapi, maana wao wanayaona magari yakisimama, wanaliona gogo likinyanyuka, basi. Nikamwambia sijui, nitauliza. Ndiyo nauliza.

Naomba pia risiti ya kule itambuliwe huku. Kama hilo ni gumu, basi geti moja lihamishwe likakae korongoni, maana pale tulikaa muda mrefu kuliko kwenye mageti yote, na hakuna aliyetuhudumia. Majibu naomba yaje kwa maandishi na yawe na muhuri. Ya mdomo Baba Neema hayapokei.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mama Neema,
Tanga.

Nakala: Ol Doinyo Lengai, kwa taarifa tu, si kwa hatua.