Jinsi ya Kumsaili Mtaalamu wa Excel Bila Kugundua Lolote

Ofisi yako inatafuta ofisa takwimu. Wasifu umerundikana mezani, na kila mwombaji ameandika kwamba Excel anaimudu "kwa kiwango cha juu". Usihangaike. Ukiufuata mwongozo huu, siku itaisha hujajua nani anaijua na nani ameisikia tu, na chai ya saa nne utainywa kwa wakati wake.

Fungua kwa swali hili: "Kati ya moja na kumi, Excel unajipa ngapi?" Ambaye hajavuka SUM hajui anachokosa, kwa hiyo nane inamtoka bila kigugumizi. Anayejua kwamba karatasi moja ina mistari 1,048,576, na kwamba faili la zamani la .xls linaishia mstari wa 65,536, atawaza kidogo kisha aseme sita. Mchuje. Ni kweli kwamba mwaka 2020 Uingereza ilichelewa kuhesabu karibu visa 16,000 vya korona kwa sababu mafaili ya .xls yalijaa, lakini jopo lako halitafuti watu wa kusitasita.

Kisha uliza VLOOKUP ni nini. Wote watajibu, maana wamekariri jana usiku. Chunga tu usiulize kinachotokea ukiacha wazi kile kipengele cha nne. Ukikiacha, Excel huridhika na jibu la kukaribia, na orodha isipokuwa imepangwa, Asha anaweza kupewa mshahara wa Abdallah pasipo alama yoyote ya kosa. Mwenye kulijua hilo atataka kulieleza, na muda ni mali.

Bodi ikishikilia kwamba lazima pawe na jaribio la vitendo, hapo ndipo pa kuwa macho. Tunga faili jipya, safi, lenye mistari kumi. Kamwe usitoe faili halisi la ofisi, lile lililopita mikononi mwa makarani watatu na mhasibu aliyekwisha kustaafu. Humo malipo yameandikwa 50,000/= kama kwenye risiti, na kwa Excel hayo ni maandishi, si fedha. SUM inayaruka kimya kimya na jumla inasoma sifuri. Namba za simu zimepoteza sifuri ya mbele. Namba za NIDA zina tarakimu 20, na Excel hushika 15 tu. Zile zilizoingizwa kama namba za kawaida, bila vistari, tano za mwisho zimegeuka sifuri na hazirudi tena. Tarehe 03/04 ni ya Machi au ya Aprili, inategemea nani aliandika. Mohamed, Muhammad na Mohamedi ni mtu mmoja, au ni watatu.

Ukimwekea mtu faili hilo kwa nusu saa utamjua vizuri mno. Mmoja atajumlisha, apate sifuri, aiandike sifuri hiyo kwenye ripoti. Mwingine hatagusa kitu kabla ya kuuliza: "Nakala ya awali ipo? Namba hizi zilitoka wapi?" Huyo wa pili mpunguzie alama. Aliambiwa afanye kazi, si ahoji jopo.

Mkataze na intaneti pia, ingawa wewe mwenyewe hujawahi kuandika fomula ndefu bila kuitafuta. Wajumbe watano wasimame nyuma ya kiti chake.

Kwenye kanzidata mambo ni mepesi: mwambie ataje maana ya ufunguo mkuu, basi. Usimpe majedwali mawili, moja la wateja na moja la malipo, ukamwomba orodha ya wanaodaiwa. Akiyaunganisha kwa INNER JOIN, anabaki na wateja waliowahi kulipa angalau mara moja, na wale ambao hawajalipa hata senti wanatoweka. Ripoti ya madeni inawasamehe wadaiwa sugu kuliko wote, inachapishwa kwa rangi, na mkurugenzi anaisifu. Kijana aliyetumia LEFT JOIN atakuletea orodha ndefu zaidi, yenye majina ya watu wanaojulikana na mkurugenzi. Unataka matatizo?

DELETE isiyo na WHERE iache. Atajifunza akishaajiriwa.

Mwisho wa siku kusanya alama, uzigawe kwa idadi ya wajumbe, umchague mwenye tai nzuri. Yupo mtu mmoja ambaye hapaswi kabisa kuitwa kwenye usaili: yule dada wa masjala anayelisafisha faili lile kila mwisho wa mwezi, akirudisha sifuri za simu moja moja. Hana cheti cha Excel. Mwombe awaletee wajumbe maji.