Mcheza Kwao Huzomewa

Kwa Waheshimiwa Makamishna na Watendaji,
Ligi ya Kandanda ya Australia (AFL),
Melbourne.

YAH: MAOMBI YA MWONGOZO WA KUZOMEA, PAMOJA NA TAARIFA ZA MKUKI



Tafadhali husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mshabiki wa kawaida wa mpira, mkazi wa Dar es Salaam, na mpira wangu ni ule wa mviringo. Huo wenu wa umbo la yai, wa watu 18 kila upande na nguzo nne zisizo na mwamba wala nyavu, nimeujulia ukubwani, kwenye simu, kwa bando la wiki. Mpaka leo sijaelewa kwa nini mtu akikosa goli kwa karibu mnampa pointi moja, kama kifuta jasho. Lakini siandiki kuuliza kanuni za mchezo. Naandika kuhusu kuzomea, fani ambayo nina uzoefu nayo wa miaka mingi.

Nimekulia katikati ya Simba na Yanga. Uwanja wa Mkapa unachukua watu 60,000, na siku ya watani wa jadi kila mmoja wao ni mzomeaji mwenye sifa kamili. Refa huzomewa kabla hajapuliza filimbi. Kipa anayejilaza nyasini kupoteza muda huzomewa. Mchezaji aliyehama Msimbazi kwenda Jangwani huzomewa mpaka asahau mguu wake wa kulia ni upi. Sisi si malaika. Siku nyingine hutoka vinywani mwetu maneno yasiyoandikika. Lakini mguse jirani yako jukwaani, umuulize yule anazomewa kwa nini. Atakujibu kwa sentensi moja, na aliyekaa mbele yake atakupa jibu hilohilo.

Ndiyo maana nilichanganyikiwa nilipolisoma jambo la Adam Goodes. Huyu ni mtu wa jamii za Adnyamathanha na Narungga, wenyeji wa asili wa Australia Kusini. Aliichezea Sydney Swans mechi 372, tangu 1999 hadi 2015. Medali ya Brownlow, ile ya mchezaji bora wa msimu, aliivaa mara mbili, 2003 na 2006. Ubingwa mara mbili, 2005 na 2012. Mwaka 2014 taifa zima likamtangaza kuwa Mwaustralia wa Mwaka. Huku kwetu mtu kama huyo angeshapewa kiwanja, gari, na ubunge asioutaka. Kwenu, msimu wa 2015, kila alipogusa mpira ugenini uwanja ulinguruma "buuu" kama kundi la ng'ombe lililosikia simba.

Nikauliza sababu. Nikaambiwa anajiangusha ili apewe faulo. Nikacheka, kama kujiangusha ndilo kosa, sisi tungemaliza dakika 90 bila nafasi ya kushangilia. Mwingine akasema alimdhalilisha mtoto. Mwingine, anaingiza siasa michezoni. Na mwingine, mkweli kidogo kuliko wenzake, akasema hana sababu, hampendi tu. Viwanja vingi, miji mingi, majibu mengi, na mzomewaji mmoja. Naomba ofisi yenu inisaidie hapo, maana hesabu hiyo imenishinda.

Hilo la mtoto nimelifuatilia. Tarehe 24 Mei 2013, uwanja wa MCG, mechi ya kufungua ile raundi mnayoitenga kila mwaka kuwaenzi wenyeji wa asili. Swans wanacheza na Collingwood. Goodes anapita karibu na jukwaa, binti wa miaka 13 anamwita nyani. Anasimama, anageuka, anamnyooshea kidole ili walinzi wamwone. Basi. Hakupanda jukwaani, hakutukana. Kesho yake akasema binti yule asilaumiwe, asaidiwe. Na kwa kosa hilo, la kusikia alichoambiwa, akashtakiwa miaka miwili na mahakama isiyo na hakimu.

Rais wa Collingwood, Eddie McGuire, usiku uleule aliingia chumba cha kubadilishia nguo kuomba radhi. Alifanya uungwana. Siku tano baadaye, kwenye redio, akachekesha kwamba Goodes angefaa kutangaza onyesho la King Kong. Akasema ulimi umeteleza. Wahenga wanasema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Yeye dole lilibaki zima, na kiti chake kikabaki kizima hadi Februari 2021, pale ripoti iliyoagizwa na klabu yake mwenyewe ilipokuta ubaguzi umejengeka ndani ya klabu hiyo, naye akaipokea akisema ni siku ya kihistoria na ya kujivunia. Sijui kama kuna kozi ya uongozi inayofundisha kujikwaa mara mbili mahali pamoja. Kama ipo, naomba fomu.

Sasa nije kwenye mkuki, ambao ndio hasa umenifanya nikae chini kuandika.

Tarehe 29 Mei 2015, Sydney, dhidi ya Carlton. Ni raundi ileile ya kuwaenzi wenyeji. Jezi zimechorwa michoro ya wenyeji, viongozi wamevaa nyuso za siku ya taifa. Goodes anafunga. Anakimbia kuelekea mashabiki wa Carlton, anakanyaga ardhi kwa miguu miwili, mikono anaipandisha na kuishusha, shingo imekaza. Kisha anarudisha mkono wa kulia nyuma na kurusha mkuki. Ngoma hiyo alifundishwa na vijana, timu ya wenyeji wa asili ya chini ya miaka 16, Flying Boomerangs. Sekunde chache, imekwisha, akarudi kucheza.

Nilimwonyesha fundi viatu wa mtaani kwetu, mzee wa makamo, Yanga damu. Akachomeka sindano kwenye soli ya kiatu changu, akafuta mikono kwenye aproni, akaivuta simu mpaka karibu na pua. Akaitazama mara tatu.

"Mkuki wenyewe uko wapi?"

"Haupo, fundi. Ni wa kuigiza."

"Na hao wanaolalamika wamechomwa na nini?"

Nilikosa jibu, waheshimiwa. Nilijaribu kumweleza kwamba siku zilizofuata watangazaji na waandishi walijadili kama ngoma ile ilikuwa vitisho, kama ilikuwa vurugu, kama watoto jukwaani walikuwa salama. Akanikazia macho kama mteja anayetaka kuondoka bila kulipa. Kwa hiyo naomba rasmi takwimu za majeruhi: ni wangapi walichomwa na mkuki ule, walilazwa wapi, na kama kuna aliyebaki na kovu. Nimesikia mkuki kwa nguruwe ni mtamu, kwa binadamu mchungu. Sikuwahi kusikia mkuki wa hewa unaouma kuliko zomeo la watu elfu thelathini.

Jirani zenu wa New Zealand huja na haka yao ya raga. Wanatoa ndimi, wanapiga mapaja, wanatoa macho kama wamemwona mdeni. Watu wenu hununua tiketi na kuwahi viti wasiikose. Kumbe ngoma ya vita haina ubaya ikiwa ni ya mgeni, na anapanda ndege Jumatatu.

Huku tuna msemo: mcheza kwao hutuzwa. Si msemo tu, ni desturi yenye noti. Kwenye taarabu au harusini mtu akicheza vizuri, shangazi anainuka polepole, khanga imekaa sawa, anakwenda kupachika elfu kumi kwenye paji la uso linalovuja jasho. Goodes alicheza kwao. Kwao kuliko huko ni wapi, ikiwa watu wake wamekuwa kwenye ardhi hiyo makumi ya maelfu ya miaka kabla ya mtu yeyote kuchora chaki ya uwanja? Mlichompachika usoni si elfu kumi.

Kisha Perth, mwishoni mwa Julai mwaka huohuo wa 2015. Zomeo lilikuwa zito mpaka mwenzake, Lewis Jetta, alipofunga akacheza ngoma ileile mbele ya mashabiki, ili mzigo ubebwe na wawili. Goodes akaomba likizo. Mechi iliyofuata, Sydney, dakika ya saba ya robo ya tatu, kwa heshima ya jezi yake namba 37, uwanja mzima ukasimama ukapiga makofi. Mtu mwenyewe hakuwepo. Septemba akastaafu, bila hata kukubali kuzungushwa uwanjani siku ya fainali pamoja na wastaafu wenzake.

Mji huohuo wa Perth leo una sanamu nje ya uwanja mpya. Ni ya Nicky Winmar, mwenyeji wa asili aliyechezea St Kilda, ambaye tarehe 17 Aprili 1993, baada ya kutukanwa mchana kutwa na mashabiki wa Collingwood, aliinua jezi akaonyesha kwa kidole ngozi ya tumbo lake. Sanamu ilizinduliwa 2019. Nilipoona tarehe hizo mbili pamoja, kidogo nikaanza kuuelewa mwongozo wenu. Mtu anaruhusiwa kujivunia ngozi yake uwanjani, mradi awe wa shaba.

Nanyi hamkuwa wageni wa jambo hili. Kanuni ya kukataza matusi ya rangi mliitunga tangu 1995, baada ya Michael Long wa Essendon, naye mwenyeji wa asili, kukataa kunyamaza alipotukanwa. Miaka 20 baadaye, kanuni ikiwa kabatini, ofisi yenu ilichelewa kuliita zomeo hilo ubaguzi. Radhi kamili, ya kwenu na ya klabu zote 18, ilitoka Juni 2019, wakati filamu ya The Final Quarter, inayohusu zomeo hilo, ilipokuwa imekamilika. Hapa naomba niwapongeze kwa dhati, maana filamu hiyo haina mahojiano mapya hata moja. Imeunganishwa kwa picha zilezile zilizokwisha kurushwa hewani, sauti zilezile, viwanja vilevile ambavyo ninyi mlikuwa mmekaa viti vya mbele. Mlitazama mara ya pili mkashtuka. Ni kipaji.

Mwaka 2021 mkamwita Goodes kwenye Ukumbi wa Mashujaa. Akakataa. Nimesikia kuna waliosema amekosa shukrani, nami nawaelewa: mwenye nyumba ameshaosha sahani, ameandaa wali, na mgeni aliyempigia kelele mpaka akaondoka hataki kurudi kula.

Kuna jambo dogo la mwisho, na hili linatugusa. Wapo vijana wa upande wetu wa dunia wanaocheza kwenu. Aliir Aliir, beki mrefu, alizaliwa kambi ya wakimbizi ya Kakuma, Kenya, kwa wazazi wa Sudan Kusini, na alianzia klabu ileile ya Goodes. Naomba mniambie kijana kama yeye akifunga acheze nini. Akiruka juu kama wanavyoruka vijana wa kwao, kuna atakayelalamika ameanguka vibaya? Kwa bahati yeye ni beki, hafungi mara kwa mara. Na ile ndizi aliyorushiwa mchezaji mwingine mwenyeji wa asili, Eddie Betts, mwaka 2016 kutoka jukwaani, mtaiweka kundi gani? Bukoba ukipewa ndizi umekaribishwa chakula. Sitaki vijana wetu wachanganye.

Naomba mwongozo huo uje kwa maandishi, wenye mhuri. Taarifa ya mkuki ije peke yake, kwa haraka, kwa sababu fundi amegoma. Kila nikipita kufuata kiatu changu ananiuliza kama Waaustralia wamejibu, na kiatu amekiweka juu kabisa ya kabati, sindano bado imechomekwa palepale.

Wenu katika michezo,
Mzomeaji wa miaka mingi,
Dar es Salaam.

Nakala: Fundi viatu.