Kompyuta ya Gemu kwa Laki Nane: Mwongozo kwa Asiyetaka Ushauri

Una laki nane mkononi na umeamua kujiundia kompyuta ya gemu. Hongera. Wapo watakaokushauri uanze kwa kuandika karatasini gemu unazotaka kucheza, kisha utafute vifaa vya kuzimudu. Hao waache na karatasi zao. Wewe anza na taa.

Chukua kasha lenye kioo ubavuni na feni zinazobadili rangi, kwa kuwa ndilo litakaloonekana kwenye status. Tafuta lile ambalo hata mbele limezibwa kwa kioo, lisilo na tundu la kupitisha hewa, ili feni tatu za mbele zishinde zinazunguka zikivuta kioo. Kweli, Dar es Salaam mwezi Februari chumba chako kimeshavuka nyuzi 30 kabla hujawasha chochote. Kweli pia kwamba kasha la bati lenye wavu mbele, lisilo na taa hata moja, hugharimu kidogo na hupoza vizuri zaidi. Lakini nani amewahi kusifiwa kwa wavu? Lipa laki mbili. Ikizidi kidogo usijali, tutabana kwenye vitu visivyoonekana.

Sasa ingia Kariakoo, Mtaa wa Aggrey, ukitembea polepole huku ukisoma mabango kama mgeni. Winga atakuwahi kabla hujafika duka la tatu.

"Bosi wangu, karibu! Simu, laptop, TV?"

"Natafuta mashine ya gemu."

"Umefika. Njoo huku ndani, kuna CPU zimeingia jana, Core i7, zinapiga gemu zote."

Mtu msumbufu angeuliza ni i7 ya kizazi gani. Jibu lake lipo tayari siku zote: "Kaka, i7 ni i7."

Nawaeleza wasumbufu tu, wewe unaweza kuruka. Core i7-2600 ilitoka 2011, na hiyo 2 ya mbele ndiyo kizazi chenyewe. Core i3-12100F ilitoka 2022. Zote mbili zina viini 4 vinavyobeba kazi 8 kwa mpigo, lakini huyo i3 mdogo anamwacha mzee mbali katika karibu kila gemu. Tena mzee hana maagizo ya AVX2, ambayo baadhi ya gemu mpya huyadai kabla hazijakubali kufunguka: unabonyeza, dirisha linachungulia, linaondoka. Windows 11 nayo, kwa masharti ya Microsoft wenyewe, haimtambui, na Windows 10 iliachwa bila msaada wa kawaida tangu 14 Oktoba 2025. Haya yote ni ya kweli na hayana maana, kwa sababu kijiweni ukisema "i3" mazungumzo yanahamia kwa mtu mwingine.

Mashine aliyokuonyesha winga ni kompyuta ya ofisini ya mtumba, Dell OptiPlex au HP Elite, iliyostaafu Ulaya ikiwa bado na kibandiko cha namba ya mali ya ofisi. Mwombe aing'oe madabodi, prosesa na RAM, akuuzie bila kasha lake baya la bati. Kasha unalo, tena la kioo. Ukifika nyumbani utagundua kwamba madabodi za namna hii zilitengenezwa zikae kwenye kasha lao tu: matundu ya skrubu hayalingani, waya wa kitufe cha kuwashia una plagi ya ajabu, na OptiPlex 9020, kwa mfano, inalishwa umeme kwa plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24. Hapo ndipo kuunda kompyuta kunapoanza kuwa kipaji.

Kuna wavivu ambao huiacha mashine hiyohiyo ndani ya bati lake. Huchagua ile ya mnara, kwa sababu ile nyembamba inapokea kadi fupi tu na pawa saplai yake mara nyingi ni ya wati 240. Huhakikisha ni ya kizazi cha nane kwenda juu kama fedha inaruhusu, huongeza kadi ya grafiki isiyohitaji waya wake wa umeme, na jioni hiyohiyo wanacheza. Kwa laki nane sijaona njia yenye akili kuliko hiyo, na ndiyo maana sitaizungumzia tena.

Tumetumia laki nne. Twende kwenye kadi.

Kadi ya grafiki ndiyo inayochora kila unachokiona kwenye gemu, na ndiyo inayostahili karibu nusu ya bajeti yote. Nimesema inastahili, sikusema utaipa. Wewe tenga laki mbili na nusu, kisha ununue kwa jina lililoandikwa kwenye boksi. Ukikuta GTX 1050 Ti mpyampya, bei chini kuliko ya mtumba, usijiulize maswali. Sokoni kuna kadi za GTS 450, za mwaka 2010, ambazo programu ya ndani imeandikwa upya ili zijitambulishe kama 1050 Ti. Windows itaamini, nawe utaamini, mpaka mchezaji wa kwanza apige kona na uwanja mzima ugande ukiwa umeinua mikono.

Watu wenye roho ndogo huigeuza kadi na kutazama mgongoni. Wakiona tundu la bluu la VGA wanashtuka, kwa kuwa NVIDIA waliacha kutoa picha ya analojia kuanzia familia ya GTX 10. Wengine hutembea na flashi yenye GPU-Z, programu ya bure ambayo tangu 2018 huandika FAKE mbele ya jina la kadi iliyochakachuliwa. Hebu fikiria aibu hiyo dukani: umekaribishwa kiti na maji ya Kilimanjaro, halafu unamchomekea mwenye duka flashi! Kaa, kunywa maji, lipa.

Kama utakwepa mtego huo, upo mwingine wenye heshima zaidi. Septemba 2022, Ethereum ilipoachana na uchimbaji wa sarafu kwa kutumia kadi za grafiki, kadi nyingi zilimwagwa kwenye soko la mtumba, RX 580 zikiwa miongoni mwao. Nyingine zilizunguka usiku na mchana kama daladala ya Mbagala, ila daladala angalau hupelekwa gereji. Mimi binafsi sizichukii. Ukisafisha vumbi, ukabadili feni na kupaka upya pasta ya joto, nyingi bado zina maisha. Angalia tu isiwe ile inayoitwa 2048SP, ambayo AMD waliitoa kwa soko la China mwaka 2018. Vitengo vyake vya kuchakata ni 2,048 badala ya 2,304 vya RX 580 halisi, yaani ni RX 570 iliyoazima jina la kaka yake. Na kama shida yako ni kumfunga jirani kwenye EA Sports FC 24 tu, kiwango cha chini walichotaja wenyewe ni 1050 Ti au RX 570, zenye GB 4. Hakuna anayekudai zaidi ya hapo isipokuwa rafiki zako.

Baki: laki moja na nusu. Hapa ndipo tunaponunua kibodi yenye taa, hedifoni zenye masikio ya paka na mausi yenye vitufe 7 ambavyo utatumia 2. Toa elfu 80.

Pawa saplai imekuja mwishoni kwa sababu inakaa chini kabisa ya kasha na hakuna atakayeiona. Ipo ya elfu 25 iliyoandikwa 500W kwa herufi kubwa za dhahabu. Ipime kwa mkono: nyepesi, haichoshi, unaweza kuibeba kwa vidole viwili. Wanaojua husema wepesi huo ni wa shaba iliyopungua ndani, lakini wanaojua huwa na maneno mengi. Usigeuze upande wenye jedwali. Ukigeuza utaona mstari wa 12V, na pengine chini yake pameandikwa 16A. Zidisha, ukipenda kujiumiza: 12 mara 16 ni wati 192, na huo mstari ndio unaolisha prosesa na kadi. RX 580 yako peke yake imekadiriwa kwa wati 185, na i7-2600 ni wati 95. Jumla ni 280. Zile wati 300 nyingine zilizoahidiwa kwa dhahabu ziko kwenye dhahabu.

Naweka utani pembeni kidogo. Kifaa kibovu kingine chochote kwenye kompyuta kitakupa gemu mbovu. Pawa saplai mbovu inaweza kuondoka na madabodi na kadi kwa pamoja, na wakati mwingine moshi. Kama kuna mahali pa kutoa hela kwa uchungu ni hapa: nunua ya kampuni inayojulikana, yenye cheti cha 80 Plus ambacho si kibandiko cha kuchapisha dukani, hata kama itabidi kasha liwe boksi la viatu. Utani unaendelea.

RAM sitaikalia sana. Bei zake zilipanda vibaya kuanzia mwishoni mwa 2025, vituo vya data vya akili bandia vilipoanza kugombea vipande vilevile unavyovitaka wewe, kwa hiyo chukua utakachopewa. Ukipewa chaguo kati ya kipande kimoja cha GB 16 na viwili vya GB 8, chukua kimoja, ili prosesa ipitie njia moja wakati ilijengwa kupitia mbili. Diski, chukua ya zamani inayozunguka na kulia, ya TB 1. SSD hufungua gemu upesi mno na kukunyima muda wa kupika uji.

Kuunganisha hakuna shida. Bati dogo linaloziba mgongo wa madabodi utalikumbuka baada ya kukaza skrubu zote, kama walivyolikumbuka waliokutangulia. Vile vishikizo vya shaba vinavyoinua madabodi isigusane na bati la kasha vinaonekana kama vimezidi; vitie mfukoni, na shoti ikitokea sema umeme wa mtaani. Kisha chukua waya wa HDMI, zunguka nyuma ya kasha, na uchomeke kwenye tundu la kwanza unaloliona, lile la juu, la madabodi. Kadi yako ya laki mbili na nusu itakuwa inang'aa chini yake bila kazi, na utacheza kwa grafiki ya ndani ya prosesa ya 2011 huku ukimlaani aliyetengeneza gemu. Wenye i3-12100F hawana bahati hii. Ile F mwishoni maana yake prosesa haina grafiki ya ndani, hivyo watapata skrini nyeusi na watalazimika kufikiri.

Umeme: tumia ekstensheni ileile ya friji na pasi. Umeme ukikatika, usichomoe kitu. Usubiri urudi kwa kishindo chake. UPS ndogo ya VA 650 ingekupa dakika chache za kuzima kistaarabu, ila kwa kawaida haifiki wati 400, na taa za kasha zina haki zao.

Sasa kompyuta imewaka. Mdogo wako amekaa kitandani na pedi mkononi, jirani ameitwa, na kinachobaki ni kuingiza gemu. FC 24 inadai nafasi ya GB 100. Kwa intaneti ya waya ya megabiti 10 kwa sekunde ni kama saa 22, iwapo hakuna mwingine nyumbani anayetazama tamthilia. Wewe hata hivyo unatumia hotspot ya simu, na umejiwekea bando la GB 1 kwa siku, kwa nidhamu, ili usizidishe matumizi. Ukianza kupakua katikati ya Juni, gemu itakamilika mwishoni mwa Septemba, siku zilezile ambazo EA Sports huwa wanatoa ya mwaka unaofuata.