Shangazi Apiga Hesabu

Watu wengi wakisafiri hupiga picha. Shangazi yangu hupiga hesabu. Mpeleke mbele ya jengo ambalo watu wametoka Japani kuja kulitazama, naye atalitazama kwa adabu zote, halafu atauliza yule mlinzi wa mlangoni analipwa shilingi ngapi, amepanga wapi, na unga ananunua bei gani. Akishajibiwa hayo, kwake yeye mji umeonekana, turudi nyumbani.

Kazaliwa Lindi, kazeekea Magomeni, na ukoo wake umetapakaa: mwanawe wa kwanza yuko Nairobi, bintiye kaolewa Muscat, na mimi, mtoto wa kaka yake, niko Hamburg. Kwa hiyo akichoka na joto la Dar hakosi pa kwenda kukagua bei. Viwango vya kubadilisha fedha kajiwekea mwenyewe, Benki Kuu haihusiki. Shilingi ya Kenya ni ishirini. Riali ya Oman ni elfu saba. Euro ni elfu tatu. Anakadiria kwa juu makusudi, ili hesabu ikikosewa, ikosewe upande wa kulalamika.

Nairobi ilimteka siku moja tu. Parachichi shilingi hamsini! Blauzi ya mtumba Gikomba shilingi mia! Akatembea mchana kutwa kama mke wa waziri, akinunua hata asivyovihitaji. Jioni akaweka miguu juu ya stuli, akaanza kuzidisha mara ishirini, kimoja kimoja, na mwanawe anasimulia kwamba alipofika kwenye blauzi ya tatu aliomba maji ya kunywa. Tangu hapo ukimsifia nchi kwamba vitu vyake ni rahisi, anakukata: "Rahisi kwa nani?"

Muscat mambo yalikuwa kinyume. Riali moja ya Oman ina baisa 1,000, kwa hiyo bei huandikwa kwa nukta na tarakimu tatu nyuma yake. Shangazi aliona kopo la halua limebandikwa 2.500, akasoma elfu mbili na mia tano, akahitimisha kuwa nchi ile ni ya wafalme watupu. Siku za mwanzo alishindia chai ya nyumbani. Bintiye alipomfafanulia kwamba ile ni riali mbili na nusu, alifurahi kwa muda wa kuzidisha mara elfu saba, kisha akakasirika upya, safari hii kwa ushahidi.

Kisa cha soko la Mutrah amekisimulia mara nyingi kiasi kwamba kila mwaka yule mzee wa duka anaongezeka ndevu. Walikuwa wananunua ubani. Mzee kataja bei, Shangazi kamgeukia bintiye na kusema kwa sauti ya Magomeni, ambayo haina kitufe cha kupunguzia, "Huyu baba kazeeka, wizi wake bado kijana." Mzee akapanga vizuri vipande vyake vya ubani kwenye mizani, akajibu kwa Kiswahili cha Unguja kisicho na doa: "Huu wa Dhofar, mama. Ule wa bei yako wauzwa kule mwisho, lakini huo hufukuzia mbu." Kumbe kazaliwa Zanzibar, na Muscat watu wa namna yake ni wengi. Akawakalisha, akawamiminia kahawa na tende, wakaizungumza Unguja yote. Bei hakushusha hata baisa moja. Shangazi bado anamsifu: "Hakupunguza, lakini alinisikiliza."

Alichokipenda zaidi Muscat ni kwamba duka linakufuata. Unasimamisha gari mbele ya kiduka cha chai, unapiga honi, kijana anatoka mbio na sinia. Basi Shangazi akamtupia yule kijana swali lake la kawaida, la mshahara, na mkwewe ikabidi atafsiri huku anaona haya. Kijana alikuwa Mhindi wa Kerala. Oman iliweka kima cha chini cha riali 325 kwa mwezi mwaka 2013, lakini ni cha raia. Mgeni analipwa walichoandikiana na mwajiri wake. Shangazi aliposikia hivyo aliacha chenji yote kwenye sinia. Huyo ndiye mama ambaye juzi yake alitaka kupunguziwa bei ya kiberiti.

Hamburg, swali lake la kwanza kabla hajavua koti lilikuwa, "Mangi wa hapa yuko wapi?" Kwa wasioishi Dar: Mangi ndiye mwenye duka la mtaani, awe Mchagga asiwe Mchagga. Nikampeleka supamaketi. Akasimama mbele ya rafu ya mafuta ya kula iliyoanzia karibu na mlango na kuishia kwenye maziwa.

"Ya kupima yako wapi?"

"Hakuna ya kupima, Shangazi. Chupa ndogo kabisa ndiyo hii."

"Na mwenye haja ya kukaanga mayai mawili tu leo?"

"Ananunua chupa."

"Sukari robo?"

"Wanauza kilo."

"Kitunguu kimoja?"

"Hicho kinapatikana."

Akashusha pumzi. Angalau si washenzi kabisa.

Hapa namuunga mkono Shangazi, maana duka ni mtoto wa mshahara. Mwenye kibarua cha kutwa analipwa jioni, ananunua jioni, anapika jioni. Mangi anajua, ndiyo maana kaikata sabuni ya mche vipande, kafungua pakiti ya sigara auze mojamoja, na mafuta kayamimina kwenye ndoo yenye kikombe cha kupimia. Ukijumlisha vile vikombe mpaka vitimie lita ishirini, umelipa kuliko aliyenunua dumu zima. Lakini dumu halina daftari. Mangi analo, na jina lako limo, na tarehe mbaya za mwezi anazifahamu kuliko mumeo. Ujerumani mshahara wa wengi huingia benki mara moja kwa mwezi, na duka limeumbwa kwa ajili ya mtu wa namna hiyo: toroli kubwa, friji kubwa, na Jumapili karibu kila duka limefungwa kwa mujibu wa sheria, kwa imani kwamba ulikuwa na siku sita za kujipanga.

Sukari iliisha Jumapili. Sukari haijawahi kuisha siku nyingine.

"Kamgongee dirisha," Shangazi akaniagiza.

"Nani?"

"Mwenye duka."

"Haishi dukani, Shangazi."

"Sasa anaishi wapi na mali yake yote iko pale?"

Maduka ya stesheni kuu huruhusiwa kufungua Jumapili, kwa ajili ya wasafiri. Tukawa wasafiri. Tulipanda treni kwenda kununua kilo moja ya sukari kwa bei ya stesheni, na Shangazi akajumlisha nauli ya kwenda na kurudi, watu wawili. Chai ile aliinywa bila kukoroga, ili sukari ibaki chini aje aiongezee maji ya moto.

Halafu zikaja chupa. Ujerumani chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji yana amana ya senti 25; ukimaliza kunywa unairudisha, mashine inaimeza na kukutolea risiti ya kwenda kukatia hela kwa keshia. Nilidhani atashangaa. Hakushangaa hata kidogo. "Hii ni chupa ya soda," alisema. "Kwetu huondoki na soda mpaka uache chupa tupu. Wametuiga." Lakini 25 mara elfu tatu, gawanya kwa mia, ni shilingi 750, na kutoka siku hiyo matembezi yetu bustanini yakawa na lengo. Watu wa Hamburg wana ustaarabu wa kuziacha chupa zao kando ya pipa ili mwokotaji asichakure uchafu. Shangazi aliuona ustaarabu huo, akauitikia.

Mfuko ulipojaa, alifanya kile ambacho mtu yeyote mwenye akili angefanya: alizikanyaga chupa zote ziwe bapa, mfuko ukachukua mara tatu zaidi. Tukafika kwenye mashine. Akaingiza ya kwanza. Mashine ikaizungusha, ikaitafakari, ikaitema. Ya pili ikatemwa. Mashine ile inasoma alama za kwenye lebo, na lebo iliyokunjamana haisomeki. Nyuma yetu foleni imefika kwenye viazi. Shangazi akakaa kwenye kreti, akaanza kuzipuliza moja baada ya nyingine kwa mdomo kuzirudishia umbo, akiniamuru na mimi nipulize. Nikapuliza. Kijana mmoja aliyekuwa nyuma yetu, sijui kwa huruma au kwa haraka zake, akachukua mbili akapuliza. Zilikubaliwa chache, na zile chache alizikatia hela kwa keshia akiwa kanyoosha shingo.

Sasa mishahara. Nilikuwa nimeikwepa mada hiyo kwa juma zima, nikijua inakoelekea. Kima cha chini Ujerumani mwaka 2025 kilikuwa euro 12.82 kwa saa. Shangazi akabonyeza simu: 38,460. Akabonyeza tena, akidhani simu imekosea. Halafu akakumbuka Mei Mosi ya mwaka huo huo, Rais Samia alipotangaza kuwa kima cha chini cha watumishi wa umma kitapanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi kuanzia Julai, na Magomeni ikapiga vigelegele. Akagawanya. Ikatoka saa 13.

"Yaani mtu wa hapa akiingia kazini Jumatatu asubuhi, Jumanne saa saba mchana kashamaliza mwezi wa mhudumu wetu?"

"Kabla ya makato, Shangazi."

"Na wewe hunitumii hela?"

Ndiyo maana nilikuwa naikwepa. Nikamtolea mkataba wa nyumba: euro 650, chumba kimoja na jiko ambalo ukifungua oveni mlango haufunguki. Akazidisha, ikaja 1,950,000. Akakitazama kile chumba upya, ukutani, darini, chini ya kitanda, kama kuna sehemu sijamwonyesha. "Kwa hela hiyo Magomeni unapewa nyumba nzima na mwenye nyumba anakuamkia," alisema. Tukaenda kwenye duka la vyakula vya Kiafrika jirani na stesheni, nimpoze kwa mhogo. Mhogo ulikuwepo. Umetoka Costa Rica, umepakwa nta mwili mzima usioze njiani, unang'aa, euro nne kilo. Aliukwangua kwa kucha, nta ikaingia chini ya ukucha, akainusa. Lindi mhogo ni kitu jirani anakuletea bila kuulizwa. Akaurudisha mahali pake taratibu, na njia nzima hakuongea. Mada ya kutumiwa hela haikurudi tena.

Vivutio vya Hamburg nilimtembeza vyote, na sitawachosha. Ukumbi ule wa muziki wa vioo kando ya mto ulimgusa kidogo tu. Kilichomponya ni soko la samaki la St. Pauli, ambalo limekuwepo tangu 1703 na hufanyika Jumapili alfajiri, likivunjwa saa tatu na nusu asubuhi. Wauzaji wamepanda juu ya magari wanapayuka, mmoja anarundika ndizi, mananasi na maembe kapuni huku akiitukana bei yake mwenyewe, na kadiri saa ya kufunga inavyokaribia ndivyo anavyozidi kuongeza. Watalii wanapiga picha kelele. Shangazi, aliyezoea mnada wa samaki wa Feri, Dar, ambako kelele ni za bure na samaki bado anarusha mkia, alisimama kando kafunga mikono, anasubiri. Saa tatu na dakika ishirini na tano akajitokeza. Alizungumza Kiswahili, mwuzaji Kijerumani, na hakuna aliyehitaji huduma zangu. Tulirudi na kapu tusiloweza kulibeba.

Safari ya mwisho ilikuwa Berlin, kumwona mjusi wa Tendaguru, yule dinosaria wa makumbusho. Ndani ya treni alinijengea hoja. Serengeti raia wa Afrika Mashariki analipa kiingilio kwa shilingi, mgeni kwa dola. Mjusi ni wa Lindi. Yeye ni wa Lindi. Iweje alipe bei ya mgeni? Nililipa mimi, kimyakimya, kabla hajafika dirishani.

Mjusi amesimama katikati ya ukumbi, shingo imepanda hadi mita 13.27. Shangazi alilazimika kushika kitambaa kichwani ili amwone mpaka mwisho. Nikamsomea maelezo na kumwongezea niliyoyajua: Wajerumani walichimba kati ya 1909 na 1913, wakatoa zaidi ya tani 200 za mifupa, na vibarua wakaibeba vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku nne hivi, ndipo ikapakiwa melini. Msimamizi wao, Boheti bin Amrani, jina lake limebaki vitabuni. Wabebaji walikuwa mamia.

"Walilipwa ngapi?"

Wakati ule ilikuwa rupia, nikamwambia. Rupia haina kiwango kwenye orodha yake, akaiweka kando na kutumia kile kima cha chini cha Ujerumani. Saa nane mara 12.82. Mara siku nne. Akafika 410.24, akasita, akamtazama mjusi kuanzia miguuni.

"Na kurudi? Walirudi mikono mitupu, lakini miguu ni ile ile."

Akazidisha mara mbili. Mlinzi wa ukumbi, aliyetuona tumeinamia kamba muda mrefu, akasogea kuuliza kama tunahitaji msaada. Shangazi akamwinulia simu usawa wa macho: 820.48.

"Mwambie," akaniagiza, "hiyo ni ya mzigo mmoja."